Tathmini: Mbegu ya viazi ya Shangi iliyothibitishwa, mfuko wa kilo 50

Kwa mkulima anayeuza viazi vya kula, mfuko wa kilo 50 wa mbegu ya Shangi iliyothibitishwa na KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, ni bidhaa nzuri inayoharibiwa na kalenda. Mbegu yenyewe kwa kawaida huwa safi. Shida ni umri wake siku inapokufikia, na jinsi inavyotunzwa kati ya siku hiyo na siku ya kupanda. Tunaipa nyota nne kati ya tano kwa anayenunua mifuko miwili mitatu ili azalishe mbegu yake mwenyewe. Kwa anayetaka kupanda ekari nzima moja kwa moja kutoka mfukoni, tunaipa tatu.

Shangi haihitaji kutambulishwa kwa Mkenya. Ilianzia kwa wakulima wa Nyandarua, ikaenea kabla haijaingizwa rasmi kwenye orodha ya aina za taifa mwaka 2015, na leo ndiyo waru inayokaangwa kwenye vibanda vingi vya chipsi. Hukomaa ndani ya miezi mitatu, huzaa sana na huiva upesi jikoni. Ngozi yake ni ya rangi ya krimu, macho ni ya waridi na yana kina cha wastani. Sifa yake nyingine ndiyo itakayotusumbua hapa: haijui kulala.

Kilichomo mfukoni

Kiazi mviringo ni shina. Jambo hili mara nyingi huachwa darasani, ilhali karibu kila kitu unachopaswa kukagua kwenye mfuko kinatokana nalo. Mmea wa kiazi hutoa vishina vyembamba vinavyotambaa chini ya udongo, viitwavyo stoloni. Ncha ya kishina hufika mahali ikaacha kurefuka, ikaanza kunenepa na kujaza wanga. Hicho ndicho kiazi. Kila jicho ni kifundo cha shina, na ule mstari uliojipinda kama ukope juu yake ni kovu la jani lililodumaa. Ndani ya jicho mna vichipukizi kadhaa. Kimoja kikivunjika, kingine huchukua zamu. Tangawizi, manjano na magimbi pia ni mashina ya chini ya ardhi, ndiyo maana kipande chenye jicho hutoa mmea. Kiazi kitamu na muhogo ni mizizi, hazina macho ya namna hiyo, na ndiyo sababu hupandwa kwa marando na pingili.

Toa kiazi kimoja mfukoni ukitazame kwa karibu. Upande mmoja una kovu dogo lililodidimia, pale kilipokatika kutoka kwenye stoloni: huo ni mkia. Upande wa pili macho yamesongamana: hicho ni kichwa, yaani ncha ya shina. Jicho la kichwani huamka kwanza, na likishaamka huzuia mengine yasiamke. Mbegu ikiwa bado changa utaona chipukizi moja tu kichwani na macho mengine yote kimya. Ikiiva ipasavyo, machipukizi matatu, manne au matano hutoka pande mbalimbali. Ikizeeka, hutoa vichipukizi vingi vyembamba kama nywele, na mbegu iliyochoka kabisa huweza kutoa viazi vidogo vidogo palepale kwenye chipukizi bila kutoa mmea wowote.

Chipukizi zuri la kupandia lina urefu wa sentimita moja hadi mbili, ni nene, limekaza, lina rangi ya kijani au zambarau. Chini kabisa, linapoungana na kiazi, utaona vinundu vidogo vyeupe. Hapo ndipo mizizi itatokea. Kiazi chenyewe hakitoi mizizi. Mizizi yote ya mmea mpya hutoka kwenye vifundo vya chini vya chipukizi, na stoloni za kubeba viazi vya msimu ujao hutoka kwenye vifundo vya shina hilohilo vilivyofunikwa na udongo. Kwa hiyo ukivunja chipukizi wakati wa kusafirisha, umevunja shina, mizizi na sehemu ya mavuno kwa mpigo mmoja.

Kukagua kabla ya kulipa

Anza na lebo. Inapaswa kutaja aina, namba ya shehena, daraja au kizazi cha mbegu, na saizi, na iwe imeshonwa pamoja na mdomo wa mfuko. Mfuko uliofunguliwa ukafungwa tena kwa kamba, hata kama lebo imewekwa juu, usiuhesabu kuwa mbegu iliyothibitishwa.

Kizazi kina maana kubwa kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Mnyororo huanzia kwenye miche ya maabara isiyo na magonjwa, ikazalisha viazi vidogo ndani ya nyumba za wavu, vikapandwa shambani kuwa mbegu ya msingi, kisha mbegu iliyothibitishwa ya kizazi cha kwanza, cha pili na cha tatu. Kila mara mbegu inapopitia shamba la wazi hukutana na vidukari wanaosambaza virusi, na hukutana na udongo wenyewe. Kizazi cha tatu bado ni mbegu halali na hutosha kwa shamba la viazi vya kula. Ukitaka kuzalisha mbegu yako kwa misimu miwili, tafuta cha kwanza, kwa sababu unahitaji nafasi ya kushuka.

Kisha omba ruhusa ya kuchambua mfuko mmoja. Chukua viazi kama 20 kutoka katikati, maana vya juu huwa vimepangwa vipendeze macho. Vitano au sita vikate karibu na mkia, si katikati. Ugonjwa unaoogopwa kuliko yote katika mbegu ya viazi ni mnyauko bakteria, na bakteria wake huingia kupitia mishipa ya stoloni, kwa hiyo mkia ndio hushuhudia kwanza. Ukiona duara la kahawia milimita chache chini ya ngozi, bana kiazi kwa vidole. Vitone vya ute mweupe mzito vikichomoza kwenye duara hilo, ondoka. Dalili nyingine ya nje ni udongo ulioganda kwenye macho na kukataa kupanguswa, kwa sababu ute umetoka ukakauka nao.

Ukaguzi huu una mpaka wake. Kwenye maeneo ya juu yenye baridi, kiazi huweza kubeba bakteria bila kuonyesha chochote, kisha kikateketea kikishushwa kupandwa kwenye joto. Hapo jicho lako halisaidii. Unategemea vipimo vya maabara na ukaguzi wa shamba uliofanywa kabla ya lebo kutolewa. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sababu kuu, na pengine ya pekee isiyo na mbadala, ya kulipa bei ya juu.

Usiogope viazi vilivyogeuka kijani. Kwa kula ni sumu, kwa kupanda havina ubaya, na mara nyingi ni ushahidi kwamba vilitunzwa kwenye mwanga inavyotakiwa. Ogopa vinavyolowanisha mfuko, vyenye harufu ya kuoza, au vyenye vijitundu vilivyojaa vumbi la kinyesi cha viwavi: huyo ni nondo wa viazi, na ukimwingiza kwenye ghala lako atashughulikia na mbegu zako nyingine.

Hesabu ya saizi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya. Mbegu hupimwa kwa kipenyo, kwa kawaida saizi ndogo milimita 28 hadi 45 na saizi kubwa milimita 45 hadi 60, lakini huuzwa kwa uzito. Kiazi cha wastani wa gramu 35 kinakupa viazi karibu 1,430 kwenye mfuko wa kilo 50. Cha gramu 75 kinakupa karibu 670. Bei ya mfuko ikiwa moja, mwenye saizi ndogo amepata zaidi ya mara mbili ya idadi.

Usikimbilie hapo kusema saizi ndogo ni nusu bei. Mavuno hutegemea idadi ya mashina kwa mita ya mraba kuliko idadi ya mashimo, na kiazi kidogo hutoa mashina machache. Kwa viazi vya kula lenga mashina 15 hadi 20 kwa mita ya mraba. Mbegu ndogo inayotoa mashina matatu ukiipanda kwa sentimita 75 kwa 25 inakupa mashina 16; ekari itakula mashimo karibu 21,600, yaani kilo 755, mifuko 15 na kidogo. Mbegu kubwa inayotoa mashina matano unaweza kuitanua hadi 75 kwa 40 na ukapata mashina 16 au 17. Mashimo ni karibu 13,500, lakini uzito ni zaidi ya tani moja, mifuko 20. Akiba ya kweli basi ni kama robo.

Nayo akiba hiyo ina masharti. Kiazi kikubwa kina wanga wa kuulisha mche wiki za kwanza, na mvua ikikatika baada ya kupanda, kile cha gramu 25 huishiwa mapema. Kwenye shamba lenye unyevu wa uhakika chukua saizi ndogo bila wasiwasi. Kwenye mteremko unaokauka haraka, lipia kubwa. Kuna ushauri wa kupanda mifuko 16 kwa ekari kwa nafasi ya 75 kwa 30; unadhani kiazi cha gramu 44 hivi. Pima viazi 50 vyako kwenye mizani ya jikoni kabla ya kuuamini.

Wapo wanaotaka kukata viazi vikubwa vipande viwili ili kubana matumizi. Hufanyika kwenye nchi za baridi: kipande cha gramu 40 hadi 50 chenye macho mawili au zaidi, kisu kikitumbukizwa kwenye dawa kila baada ya kiazi, kisha vipande vikaachwa siku tatu hadi tano penye ubaridi na unyevunyevu jeraha lifunge. Kwetu hatushauri. Kisu kimoja kilichopita kwenye kiazi chenye mnyauko kinaweza kuambukiza vinavyofuata, na udongo wa joto wenye maji huozesha jeraha kabla halijafunga. Umelipa bei ya mbegu safi, kisha unaichafua mwenyewe.

Usingizi mfupi wa Shangi

Kila aina ya kiazi, baada ya kuvunwa, hukaa muda fulani bila kuchipua hata ukiiwekea hali nzuri. Sherekea na Dutch Robyjn hukaa miezi miwili au zaidi. Shangi huamka ndani ya takriban mwezi mmoja, wakati mwingine chini ya hapo. Kwa mkulima mwenye mvua mbili kwa mwaka sifa hii ni neema: unavuna, unapanda tena msimu unaofuata bila kubembeleza mbegu. Kwa msambazaji ni balaa, na balaa hilo humwangukia mnunuzi.

Fikiria mbegu iliyovunwa Novemba kwa ajili ya kupandwa Machi. Bila ghala la baridi, kufikia Januari imeshachipua, Februari imevunjwa machipukizi ili mfuko uonekane nadhifu, na Machi inaingia dukani ikiwa na machipukizi ya awamu ya pili au ya tatu. Kuvunja machipukizi mara moja hakuna madhara makubwa. Kwa kuwa kunaondoa chipukizi la kichwani, macho mengine hupata nafasi na idadi ya mashina huongezeka. Kuvunja mara ya pili na ya tatu ni kukausha akiba. Kiazi hulegea, ngozi hukunjamana, na machipukizi mapya huja membamba. Lebo haitakwambia haya. Bonyeza kiazi: kikiwa kinanesa kama sponji na kimejaa makovu ya machipukizi yaliyong'olewa, kina mwaka mgumu mbele yake hata kama vipimo vya magonjwa ni safi.

Ghala la baridi, nyuzijoto mbili hadi nne, huzuia machipukizi kwa miezi kadhaa. Mbegu iliyotoka huko ina kasoro moja: ikitoka baridini ikafungiwa mfukoni, hutoa jasho, na jasho huleta uozo. Ifungue siku hiyohiyo kivulini, penye hewa, na uipe wiki moja hadi mbili ipate joto kabla ya kupanda. Ukiipanda ikiwa baridi ndani ya udongo baridi, itakaa chini wiki nyingi huku shamba likijaa mapengo.

Siku mfuko unapofika nyumbani

Usiulaze mfuko sakafuni "mpaka mvua ije". Ndani ya mfuko mna giza na joto, na shina lolote gizani hurefuka kutafuta mwanga. Baada ya wiki mbili utakuta machipukizi meupe ya sentimita kumi yaliyosukana kupita kwenye matundu ya wavu, na kuyatoa bila kuyavunja haiwezekani.

Dawa yake ni mwanga hafifu. Chumba au kibanda chenye paa lisilovuja, kuta za wavu au mbao zilizoachana, rafu za mianzi au mbao, viazi vikiwa tabaka mbili, tatu kwa wingi. Jua lisivipige moja kwa moja. Mwanga huo huzuia chipukizi lisirefuke, hulifanya linenepe na kubadilika rangi. Geuza viazi mara moja kwa wiki, toa vilivyooza na vile vyenye machipukizi ya nywele, na weka wavu wa kuzuia vidukari ukiweza, kwa sababu hupenda kukaa kwenye machipukizi laini na wanaweza kuambukiza virusi hata kabla kiazi hakijaona udongo.

Mbegu ikifika bado imelala, jambo la nadra kwa Shangi lakini hutokea iliyovunwa juzi ikiuzwa leo, iweke kwanza penye giza na joto hadi vidoa vya machipukizi vionekane, kisha ihamishie kwenye mwanga. Wengine hutumia dawa ya homoni kuiamsha. Kwa Shangi ni kupoteza pesa. Siku kumi za subira zinatosha mara nyingi.

Kupanda

Beba mbegu kwa kreti au karai, si kwa gunia, na iweke shimoni chipukizi likitazama juu. Ikilala ubavu itaota pia, ila hukawia. Kina cha sentimita 10 hivi kinatosha. Mapendekezo ya kawaida ya Kenya ni kilo 200 za mbolea ya DAP kwa ekari. Changanya vizuri na udongo wa mfereji kwanza. Mbolea ikigusa chipukizi huliunguza, na huo ndio mkosi unaosababisha mapengo mengi ambayo mbegu hulaumiwa bure. Samadi mbichi nayo iache. Tumia iliyooza kabisa.

Miche ikifika sentimita 15 hadi 20, inua udongo kwenye mashina, na urudie baada ya wiki mbili tatu mpaka tuta lifike sentimita 25 au 30. Kumbuka stoloni hutoka kwenye shina juu ya kiazi mama, si chini yake. Kadiri sehemu ya shina iliyofunikwa inavyokuwa ndefu, ndivyo vifundo vinavyoweza kutoa stoloni vinavyoongezeka. Stoloni ikitokeza nje na kuona mwanga hugeuka kuwa tawi la majani. Na kiazi kilicho juu juu hugeuka kijani, soko hukikataa.

Joto nalo lina neno lake. Usiku wenye zaidi ya nyuzijoto 20 mmea hutia majani mengi na kusita kuvimbisha ncha za stoloni. Mkulima wa nyanda za chini anayepata majani mazuri na viazi vitatu kwa shina hana ugomvi na aliyemuuzia mbegu.

Isichofanya

Lebo ya KEPHIS inasema mbegu ilipotoka shambani ilikuwa ndani ya viwango vya afya. Haisemi Shangi inastahimili baka chelewa, ugonjwa unaobabua majani siku za ukungu na mvua. Haistahimili vya kutosha. Mvua ikiwa ya mfululizo, dawa ya kukinga, kama mankozebu, hupigwa kila siku 7 hadi 10 kabla ya dalili kuonekana; ukisubiri madoa, umechelewa. Ukilima mahali penye ukungu wa kudumu na huna pesa za dawa, nunua Sherekea. Inachelewa kukomaa kuliko Shangi na ngozi yake nyekundu haipendwi na kila kibanda cha chipsi, lakini itakuwa bado imesimama.

Pia mbegu safi haisafishi shamba chafu. Mnyauko hukaa kwenye udongo na hauna dawa ya kupuliza. Shamba lililokuwa na nyanya, biringanya, pilipili au mnavu msimu uliopita si mahali pa kuweka mbegu ghali, wala lile ambalo viazi vya jana vinaota vyenyewe. Mche ukinyauka mchana majani yakiwa bado mabichi, kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe zikishuka ndani ya dakika chache, ndio wenyewe. Ng'oa mche pamoja na viazi na udongo uliouzunguka, usiutupe kwenye mboji. Kuna pia mnyoofundo wa uvimbe wa viazi, mnyoo mdogo sana anayeshambulia mizizi, aliyeripotiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 2015 huko Nyandarua, anayesafiri na udongo ulioshikamana na viazi. Hii ni sababu nyingine ya kukataa mbegu yenye matope, iwe na lebo au isiwe nayo.

Mbadala

Miche ya vikonyo ni mshindani wa kweli wa mfuko huu. Vikonyo hukatwa kwenye ncha za miche mama ya maabara, vikaoteshwa mizizi kwenye trei, ukauziwa mche mmoja mmoja. Hauna kiazi ndani yake, kwa hiyo hauna umri wala usingizi wa kuhangaikia, na afya yake iko karibu na ya maabara. Mche mmoja hutoa viazi 7 hadi 10, ukitunzwa vizuri hata 15. Lakini hauna akiba. Ukiukosesha maji siku mbili za mwanzo, umekufa. Panda jioni au siku ya mawingu, zika shina hadi chini ya majani ya juu, mwagilia kila siku wiki ya kwanza, na uwe na maji ya uhakika msimu mzima. Asiye na maji abaki na mfuko.

Viazi vidogo vya kuchagua kutoka kwenye mavuno ya kula, ndivyo wengi hupanda, vina kasoro inayojificha kwenye udogo wenyewe. Mmea wenye virusi huzaa viazi vidogo. Ukichagua vidogo kila msimu ili uuze vikubwa, unachagua wagonjwa.

Kwa wasomaji wa Njombe, Mbeya na Lushoto, hesabu za saizi na umri hazibadiliki hata kama aina ni nyingine, iwe Asante au Sagita. Huko msimamizi ni TOSCI, taasisi ya Tanzania ya kudhibiti ubora wa mbegu, na pamoja na mbegu iliyothibitishwa utakuta mbegu za kuazimiwa ubora, zinazozalishwa na wakulima waliosajiliwa na kuuzwa eneo la karibu. Kwa kiazi, ukaribu huo ni faida: safari fupi, machipukizi mazima, na shamba lilikotoka unaweza kulitembelea kabla ya kuvuna. Ila nunua kwa mizani. Gunia la lumbesa halina nafasi katika biashara ya mbegu.

Matumizi tunayoyapendekeza

Nunua mifuko miwili ya saizi ndogo. Hiyo ni mimea karibu 2,860. Ipande kwenye kipande cha shamba ambacho hakijaona viazi wala nyanya kwa misimu minne au zaidi, mbali na viazi vya kula, upande wa juu wa mteremko ili maji ya mashamba mengine yasishukie hapo. Mmea mmoja ukikupa viazi vinane vya saizi ya mbegu, una viazi karibu 22,900, vinavyotosha ekari moja na kubaki.

Kabla ya majani kufungana, pita ung'oe kila mmea uliodumaa, wenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya njano. Wakati wa maua, weka vijiti kwenye mimea bora kabisa na uivune peke yake. Hiyo ndiyo itakayorudi kwenye kitalu msimu ujao. Kata majani wiki mbili kabla ya kuchimba. Ngozi hukomaa, na vidukari hukosa majani ya kunyonyea kipindi wanapokuwa wengi. Rudia msimu wa pili. Msimu wa tatu angalia mimea iliyojikunja ni mingapi kwenye mistari michache. Ikizidi mmoja kwa kila kumi, peleka zao lote sokoni kama viazi vya kula na uagize mifuko mipya.

Ukiagiza, agiza mapema na uulize tarehe ya kuvunwa, siyo tarehe ya kufungwa mfuko. Kwa Shangi isiyopita ghala la baridi, mbegu iliyovunwa wiki sita hadi kumi kabla ya siku yako ya kupanda ndiyo unayoitaka. Ikizidi miezi minne, omba punguzo kubwa au subiri shehena nyingine. Muuzaji asiyejua ilivunwa lini asipewe amana.